UZI: Leseni za programu za matawi yote chini ya usimamizi mmoja: tulivyoanza, tulipokwama na tunavyoishi nazo sasa

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeuleta uzi huu kwa ajili ya wenzangu wa TEHAMA ambao ofisi zao zimetawanyika mikoani, na kila tawi lina leseni zake, wakala wake na kabati lake la kuhifadhia karatasi. Nitaeleza yaliyotupata sisi, wenye uzoefu zaidi waongeze. Jina la kampuni silitaji.

Tuna makao makuu hapa Dar na matawi Mwanza, Arusha, Dodoma, Mbeya na Mtwara. Kompyuta zote ni 214. Kwa miaka mingi kila meneja wa tawi alinunua programu kwa fungu lake, akaletewa funguo na wakala wa mjini kwake, akaendelea na kazi. Makao makuu tulizijua zile tulizonunua wenyewe tu.

Siku iliyotuamsha ilikuwa 30 Juni. Mnaofunga mwaka wa fedha tarehe hiyo mnajua mhasibu anavyokuwa. Saa mbili na robo asubuhi mhasibu wa Mwanza akanipigia. Hakupandisha sauti. "Kaka, programu inasema leseni imekwisha, na mimi leo nafunga vitabu." Nikaanza kumtafuta aliyeinunua. Alikuwa ofisa mwenzetu aliyeondoka mwaka mmoja kabla kwenda kufanya kazi Kahama, na leseni aliisajili kwa barua pepe yake binafsi kwa sababu siku ile ya ununuzi barua pepe ya ofisi ilikuwa haifunguki. Nikampigia. Muungwana yule alisimamisha shughuli zake, akatafuta kwenye simu. Vikumbusho vilikuwemo saba, cha kwanza cha mwezi Aprili. Malipo yalipita jioni, vitabu vikafungwa saa nne usiku, na dada yule akarudi nyumbani usiku huo kwa sababu sisi huku hatukuwa na daftari. Jambo hilo lilinikaa.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza haikugusa seva yoyote. Tulifungua daftari moja. Kila programu imeandikwa ilinunuliwa lini na kwa nani, hati ya ununuzi iko wapi, ni ya watu wangapi au mashine ngapi, inaisha lini. Safu ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote: mtandao wa tawi ukikatika, programu hii itaendelea kufanya kazi kwa muda gani? Akaunti zote za wauzaji tukazihamishia kwenye barua pepe ya idara inayosomwa na watu watatu. Zoezi lilichukua miezi miwili. Mbeya tulikuta funguo za programu zimeandikwa kwa kalamu kwenye plasta iliyobandikwa chini ya kibodi. Mtwara tulikuwa tunalipia ulinzi wa virusi kwa kompyuta 30, na zilizopo ni 19.

Naisisitiza ile safu ya mwisho kwa sababu ukishaunganisha leseni, mtu wa Mtwara anategemea chumba kimoja cha Dar ili afungue kazi yake. Kabla hujamfunga hivyo, una wajibu wa kujua atastahimili siku ngapi akiwa peke yake.

Tukaanza na Windows na Office, ambazo ndizo nyingi. Tuna mkataba wa leseni za jumla, hivyo tukasimamisha seva ya KMS Dar. Kwa ambao hamjaitumia: kompyuta haiendi Microsoft kuamilishwa (kuthibitishiwa leseni), inaiendea seva yako ya ndani kupitia poti (mlango wa mtandao) 1688, inapewa siku 180, na kila siku 7 inajaribu kuzihuisha. Tawi likikaa bila mawasiliano mwezi mzima hakuna anayeona tofauti. Mazungumzo yenyewe ni mepesi sana, baiti kama 250 kwenda na kama hizo kurudi, kwa hiyo hata tawi la setelaiti halilemewi. Sharti lake ni idadi: seva haiamilishi Windows za mezani mpaka iombwe na kompyuta 25 tofauti. Kwa Windows Server ni 5, na kwa Office ni 5. Mtwara yenye kompyuta 19 isingeweza kuwa na KMS yake. Ilipounganishwa na Dar sharti likatimia.

Kilichotusumbua hapo ni vitu viwili. Mbeya walikuwa na domeni yao ya zamani. Kompyuta huitafuta KMS kwenye DNS, orodha inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani, kupitia rekodi iitwayo _vlmcs._tcp, na DNS ya Mbeya haikuwa nayo, kila mashine ikatoa 0xC004F074. Tukawaelekeza kwa mkono kwa amri ya leseni ya Windows, slmgr /skms na jina la seva, kisha slmgr /ato. Mtwara kosa lilikuwa jingine, 0xC004F06C, na hili lilinichukua siku mbili maana nililifikiria la mtandao. Kumbe ni saa. KMS inakataa ombi kama saa ya kompyuta na ya seva zinapishana zaidi ya saa nne. Mashine sita za Mtwara betri ya kwenye madabodi ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika zinaamka zikiwa kwenye tarehe za miaka ya nyuma kabisa. Tulinunua betri za CR2032, kijana wa pale akazibadilisha asubuhi moja, tatizo likaisha.

Kazi ngumu ilikuwa programu za michoro na upimaji. Hizi zinatumia leseni za kuchangia: seva inashika idadi fulani ya viti, mtu akifungua programu anachukua kiti, akifunga anakirudisha. Nyingi zinaendeshwa na FlexNet, ile ambayo wengi bado tunaiita FlexLM. Dar tulikuwa na viti 8, Arusha 4, Mwanza 3, kila mji na seva yake. Mwanza walikuwa wameshaomba fedha ya viti vinne zaidi kwa kuwa wahandisi wao walikuwa wakisubiriana, mmoja anakunywa chai mwenzake amalize.

Tulimwomba muuzaji atutolee faili moja la leseni lenye viti 15 kwa seva ya Dar. Jumatatu ya kwanza kila mtu akafanya kazi. Jumatatu ya pili matawi yote yakapata kosa la -15, seva haipatikani, na Dar watu wanachora kama kawaida. Nikaendesha lmutil lmstat -a, amri inayoonyesha hali ya seva na viti, inasema seva iko UP. Nikabaki nimeshika kichwa hadi saa tano.

Ndugu zangu, hapa someni polepole, maana kila anayeunganisha matawi atapita hapa. FlexNet ina programu mbili kwenye seva. Ya kwanza, lmgrd, inakaa kwenye poti inayojulikana, kwa kawaida kati ya 27000 na 27009. Ya pili ni ya muuzaji mwenyewe, ndiyo inayogawa viti, na usipoipangia poti inajichagulia yoyote kila inapoamka. Jumamosi tulikuwa tumeizima seva na kuiwasha kwa ajili ya masasisho. Ikaamka na poti mpya. Dar hakuna fayawoli (kizuizi cha mtandao) kati ya seva na watumiaji, hivyo hawakugundua. Matawini kuna fayawoli, na tulikuwa tumefungua ile poti ya wiki iliyotangulia. Dawa ni kufungua faili la leseni na kwenye mstari wa VENDOR kuongeza PORT= na namba unayoichagua, kisha kuifungua namba hiyo kwenye fayawoli zote. Jambo la pili, jina la seva lililoandikwa kwenye mstari wa SERVER lazima tawi liweze kulitafsiri kwenye DNS yake. Kuandika namba ya IP upande wa mtumiaji peke yake hakutoshi, kwa sababu lmgrd inaweza kumrudishia jina.

Baada ya hapo tukafuatilia matumizi mwezi mzima. Siku iliyojaa kuliko zote, viti vilivyotumika kwa wakati mmoja vilikuwa 11 kati ya 15. Lile ombi la vinne tulilirudisha.

Nawasilisha kwa leo. Maswali yanakaribishwa.

Mdau wa Morogoro

Mkuu, nimesoma yote. Niulize kwa heshima: kwa nini mateso yote haya? Kuna KMS za kudownload, dakika mbili Windows na Office zimekubali maisha yote. Mtaani kwetu kila fundi anayo kwenye flashi.

Mleta uzi

Mdau, nashukuru umeuliza waziwazi, maana wengi wanalifikiria hilo hawalisemi.

Zile programu zinajifanya seva ya KMS ndani ya kompyuta yako. Hatua ya kwanza utakayoambiwa ni kuzima ulinzi wa virusi, na ya pili ni kuiendesha kwa ruhusa za juu kabisa. Hapo umeshampa mtu usiyemjua funguo za nyumba na ukamfungia mbwa. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi bandia cha KMSPico, mojawapo ya hizo KMS za kudownload, kilivyokuwa kikibeba Cryptbot, inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Sasa fikiria mashine hiyo ni ya mhasibu anayeingia benki kwa kivinjari hichohicho, na iko kwenye mtandao mmoja na ofisi zote sita.

Na sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mimi nimesaini kama mkuu wa kitengo. Siwezi kumwambia kijana niliyemwajiri aweke kitu ambacho siku ya ukaguzi kitamgeuka yeye.

Kama fedha ndiyo kikwazo, semeni hapa. LibreOffice ya nyaraka na QGIS ya ramani ni bure kihalali, na ofisi nyingi zinaweza kuzitumia kwa sehemu kubwa ya kazi zao. Dodoma idara moja kwetu imehamia QGIS na ramani zinatoka safi.

Mdau wa Tabora

Mleta mada ubarikiwe. Mimi nipo chuo, tuna maabara mbili, kompyuta 40 jumla, zote mpya na zote Windows ya leseni za jumla. Nimesimamisha KMS wiki tatu zilizopita. Kila kompyuta inatoa 0xC004F038, idadi haitoshi. Nikiingia kwenye seva nikaandika slmgr /dlv, hesabu inasema 1. Moja! Na kompyuta 40 ziko mbele yangu zimewaka. Mkuu wa chuo ameshaanza kusema tumeuziwa leseni feki.

Mleta uzi

Mdau wa Tabora, pole. Usimrudie muuzaji kwanza. Nijibu hili: hizo 40 ulizisakinisha moja moja, au ulitengeneza moja ukaikloni?

Mdau wa Tabora

Nilitengeneza moja vizuri, na programu zote za wanafunzi, kisha nikaikloni kwa imeji kwenda zote. Ningesakinisha moja moja ningemaliza lini?

Mleta uzi

Hakuna ubaya kukloni, sote tunakloni. Ila kila Windows ina namba yake ya utambulisho kwa KMS, inaitwa CMID. Ulipokloni bila kupitisha sysprep /generalize, amri ya Windows inayofuta utambulisho wa mashine kabla ya kukloni, namba ikanakiliwa kwenye zote 40. Seva inaona mteja mmoja anayerudi mara 40.

Mara nyingine pitisha sysprep kabla ya kuchukua imeji. Kwa hizi zilizopo, nenda kwenye kila mashine, fungua CMD kama msimamizi, slmgr /rearm, izime na kuiwasha, kisha slmgr /ato. Usirudierudie rearm kwenye mashine moja, ina idadi ya mara. Baada ya kumi hivi angalia hesabu kwenye seva, uje utuambie imesomaje.

Mdau wa Mombasa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Huku kwetu ni uwakala wa forodha, ofisi Mombasa, Nairobi na Malaba. Programu yetu ya kazi haina hayo mambo ya Flex, ina kile kiflashi cha leseni, Sentinel. Kilikuwa kimechomekwa nyuma ya kompyuta ya dada wa mapokezi. Siku moja aliyekuwa akisafisha alisogeza meza, kikapindika shingo, na ofisi tatu zikasimama siku nzima huku malori yakisubiri hati.

Tuliponunua kingine tulikichomeka ndani ya chumba cha seva, kwenye kimashine kidogo kisicho na kazi nyingine, kwenye kabati lenye kufuli. Nawapa siri moja iliyotugharimu wiki: mtumiaji hukitafuta kiflashi kwa kupaza sauti mtandaoni, na sauti hiyo haivuki ruta. Nairobi hawakioni hata ufanye nini. Inabidi kwenye kompyuta ya Nairobi ufungue kivinjari, uende localhost:1947, ndani ya ukurasa ule wa Sentinel uandike IP ya mashine yenye kiflashi. Na poti 1947 iwe wazi njia nzima.

Mleta mada, sisi hatuwezi kuwa na viflashi viwili, bei haishikiki. Wewe ungefanyaje?

Mleta uzi

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Mombasa. Hilo la sauti kutovuka ruta lingetufaa sana mwaka jana, asante.

Kuhusu kiflashi kimoja: ningemwandikia muuzaji leo, kabla hakijavunjika, nimuulize kwa maandishi utaratibu wa kubadilishiwa kilichoharibika na unachukua siku ngapi. Wengi wanabadilisha kwa ada ndogo kama unarudisha kibovu, lakini kilichopotea wanakihesabu kama leseni iliyopotea. Kwa hiyo vile vipande vya kiflashi kilichovunjika visitupwe. Uliza pia kama wana leseni ya faili inayofungwa kwenye mashine badala ya kiflashi, siku hizi wengi wanayo.

Mdau wa Dodoma

Nichangie upande wa mkataba, maana mimi niko ununuzi na wataalamu wa TEHAMA huwa mnaupita.

Leseni ni haki ya kutumia kwa masharti, na seva haiyajui masharti yote. Mleta uzi ameunganisha viti 15 kutoka miji mitatu. Je, mkataba wa viti vya Arusha uliruhusu kutumiwa Mwanza? Ipo mikataba ya eneo moja tu, mingine inataja jengo, mingine nchi. Niliwahi kupitia ya taasisi moja yenye ofisi Bujumbura na Kigoma. Kiufundi Bujumbura walikuwa wanavuta kiti kutoka Kigoma bila shida yoyote, na mkataba unasema Tanzania pekee. Mkaguzi wa muuzaji akija, logi ya seva yenyewe ndiyo itakayotoa ushahidi.

Naomba kwenye daftari lenu muongeze safu ya eneo linaloruhusiwa. Na kabla ya kuunganisha, pata barua ya muuzaji inayokubali.

Mleta uzi

Dada wa Dodoma, umenipa safu ambayo sikuwa nayo. Barua ya muuzaji tunayo kwa sababu ndiye aliyetutolea faili jipya, lakini kwa programu nyingine nne sijasoma kipengele hicho. Kesho asubuhi naanza nazo.

Mdau wa Iringa

Mimi nina wasiwasi na wazo lote. Kuweka kila kitu sehemu moja maana yake kikifa kinakufa kwa wote. 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, sisi tulikaa tukitazamana. Leo unataka mtu wa Mbeya asichore mpaka aongee na Dar?

Mleta uzi

Mdau, wasiwasi wako ni wa haki, na tukio hilo nalikumbuka vizuri. Tulichojifunza sisi siku zile ni kutenganisha njia mbili. Iliyokatika ilikuwa njia ya kwenda nje. Mawasiliano yetu ya Mbeya na Dar yanapita nchi kavu, hayakuguswa. Wachoraji wa Mbeya walichukua viti Dar kama siku nyingine. Waliokwama ni wale ambao programu zao zinamtaka mtu aingie kwa akaunti kwenye seva ya muuzaji ng'ambo, na hakuwa ameingia siku za karibuni.

Ndiyo maana nashikilia ile safu ya siku za kustahimili. KMS ni hadi siku 180. Programu za Microsoft 365 zinatakiwa ziwasiliane na Microsoft angalau mara moja kila siku 30, zikipitiliza zinabaki kusoma na kuchapisha tu. Kiti cha FlexNet hakina akiba yoyote: mawasiliano na seva yakikatika, baada ya muda mfupi programu inamwambia mtu ahifadhi kazi. Hizi zote tukiziita "leseni" kwa neno moja tunajidanganya. Hii ya mwisho ndiyo ya kuogopa.

Kwa hiyo tumeigawa. Seva ya Dar ina viti 11, na Mwanza, ambako laini ni dhaifu kuliko kwingine, tumewaachia 4 kwenye seva yao. Kila kompyuta imeandikiwa seva zote mbili, zimetenganishwa kwa nukta-mkato, ikikosa ya kwanza inakwenda ya pili. Daftari ni moja, msimamizi ni mmoja, faili za chaguo, zenye kanuni za nani apate kiti, nazitunza mimi, lakini mashine ni mbili. Kuna utaratibu mwingine wa FlexNet wa seva tatu zinazolindana, ambapo lazima mbili ziwe hai. Msiuweke kati ya miji. Utaratibu huo unataka seva zilizo kwenye mtandao mmoja wa karibu, laini ikiyumba zinapotezana na viti vyote vinakwenda.

Na bakapu. Faili la leseni limefungwa na namba ya kadi ya mtandao ya seva. Kadi ikiungua ukaweka nyingine, logi itaandika "Wrong hostid" na hakuna kiti kitakachotoka hata kama faili ni lilelile. Kama seva yako ni ya kidhahania (virtual), ipangie namba hiyo isiyobadilika tangu siku ya kwanza, ili ukiihamishia kwenye mashine nyingine iende nayo.

Mdau wa Arusha

Kwenye kugawana viti hapo ndipo penye ugomvi. Kwetu meneja wa tawi alikataa katakata. Alisema alinunua kwa bajeti yake, leo Dar wanakuja kuchukua.

Mleta uzi

Meneja wetu wa Arusha pia alisema hivyohivyo, na nilimwelewa. Mtu amebana fungu lake miaka miwili anunue viti vinne, halafu anaambiwa ni vya wote.

Nilisafiri nikakaa naye nikiwa na karatasi ya matumizi. Nikamwonyesha kwamba viti vyake vinne vilikaa bure kila Ijumaa mchana, na kwamba Machi, walipokuwa na mradi mkubwa, vijana wake walihitaji sita. Kwenye mfuko wa pamoja wangevipata. Bado akataka uhakika kwamba Dar hawatavimaliza. Njia ya kwanza inayokuja akilini ni RESERVE, unamtengea Arusha viti vinne. Sikuitumia, kwa sababu kilichotengwa hakitumiki na mwingine hata kama Arusha wote wamelala. Nilitumia MAX kwa kundi la Dar: hawawezi kuzidi nane kwa wakati mmoja. Vinavyobaki vinazunguka matawini. Meneja yule alikubali, na sasa ndiye anayenipigia nikichelewa kumtumia karatasi ya mwezi.

Na wale wanaofungua programu saa mbili asubuhi na kwenda saiti bila kuifunga, kuna TIMEOUT. Kiti kikikaa bila kuguswa kinarudi mfukoni. Kiwango cha chini kwa kawaida ni sekunde 900, yaani robo saa. Sisi tumeweka saa moja, kwa sababu mtu anayepokea simu ya mteja hapaswi kurudi akute kiti kimeondoka. Angalieni pia kama programu yenu inaiheshimu, si zote.

Mdau wa Mpanda

Mimi ni mpima ardhi, si mtu wa TEHAMA, nimeletewa uzi huu na mwenzangu. Tunakaa porini siku kumi bila mtandao wowote. Nyie mnatuwekaje?

Mleta uzi

Kaka, nyinyi mnaazima. Kabla ya kuondoka, ukiwa bado ofisini, kwenye programu yako kuna sehemu ya kuazima leseni. Unachagua tarehe ya kurudi, kiti kinahamia kwenye laptopu yako, unaweza kwenda nacho hata kama hutaona mnara njia nzima. Tarehe ikifika kinajirudisha.

Ombi langu kwako ni moja: usichague tarehe ya mbali kwa tahadhari. Laptopu ikiibwa au ikifutwa kabla ya tarehe hiyo, sina namna ya kukirudisha kiti mapema. Mwenzako mmoja aliazima siku 60, laptopu ikaanguka mtoni siku ya nne, na ofisi ikabaki pungufu ya kiti kimoja karibu miezi miwili. Baada ya hapo niliweka kikomo cha siku 14 kwenye faili la chaguo kwa MAX_BORROW_HOURS, ambayo ni saa 336. Anayehitaji zaidi ananipigia tu, namfungulia.

Mdau wa Morogoro

Mkuu, nimerudi. Kuhusu lile langu la mwanzo, nimepita kwenye mashine za ofisi leo. Kati ya 23, ulinzi wa virusi umezimwa kwenye 9 na hakuna anayekumbuka nani alizima. Naomba namna ya kuanza lile daftari, nianze na nini?

Mleta uzi

Hizo 9 zitoe kwenye mtandao leo kabla ya daftari. Badilisha nywila za waliokuwa wakizitumia, wakibadilishia kwenye mashine nyingine, na uzisakinishe upya. Daftari anza na chumba kimoja: kaa mbele ya kila kompyuta, andika kilichomo, kisha tafuta risiti yake. Usianze na risiti, zitakupa picha ya vilivyonunuliwa, nawe unataka vilivyopo. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe faili letu tupu la Excel.

Mdau wa Tabora

Wakuu, nimerudi na majibu kama nilivyoagizwa.

Nilianza saa nane mchana wanafunzi walipotoka. Kompyuta kumi za kwanza, rearm, kuwasha upya, ato. Nikaenda kwenye seva: hesabu 11. Nikashangaa hiyo moja ya ziada imetoka wapi, nikakumbuka ni ile namba ya zamani ambayo hizi 30 zilizobaki bado zinachangia. Hapo nikajua tumepata.

Kijana wangu wa mafunzo akachukua safu ya dirishani, mimi ya mlangoni. Tulipofika ya 24, hesabu ikasoma 25 na mashine hiyohiyo ikaandika imeamilishwa. Ile ya kwanza kabisa tuliyoanza nayo bado ilikuwa na kosa. Nikasema nisiiguse, nione. Saa kumi na mbili kasoro imejiamilisha yenyewe, naona zile zisizokubali huwa zinajaribu tena kila baada ya saa mbili.

Zimebaki 16, tunamalizia kesho kabla ya kipindi cha kwanza. Mkuu wa chuo alipita wakati tunafunga, nikamwonyesha kioo cha seva. Akavuta kiti, akaomba nimweleze ile namba ni ya nini.

Mleta uzi

Hongera sana, wewe na kijana wako. Kesho zikifika 40 hifadhi ile imeji upya, safari hii ukiipitisha sysprep, na uandike tarehe juu yake.